Kufuata Majagi Yenye Sura: Kutoka Lille Hadi Sarreguemines

Ijumaa, Lille

Nimeingia Lille jua linazama, nikitokea Brussels kwa treni. Safari haifiki saa moja. Wifi yangu alikuja kunipokea stesheni, akanyanyua sanduku langu, akashangaa. "Wifi, humu mna nini? Mbona jepesi hivi?" Mna mataulo sita, magazeti ya zamani na utepe wa gundi. Nguo zangu nimezitia kwenye mkoba wa begani. Sanduku ni la majagi.

Kwa asiyenijua: mimi ni mzaliwa wa Malindi, Unguja, na ninakusanya vyombo vya udongo vya Kifaransa vilivyofinyangwa kwa sura ya kitu. Jagi la maji ambalo ni bata, na mdomo wake ndio unaomimina. Jagi la jogoo, la kasuku, la chura. Na juu ya yote, jagi ambalo ni kichwa cha mtu, shavu hadi shavu. Wafaransa wanauita udongo huu *faïence*, jina walilolitoa katika mji wa Faenza kule Italia. Si kauri ile nyembamba inayopitisha mwanga. Ni udongo wa kawaida, mnene, unaokunywa maji ukiachwa mtupu, na ndiyo maana huvikwa glezi, ule utando wa kioo.

Chanzo cha yote ni bakuli la bibi. Nyumbani kwetu lilikaa kwenye kidaka cha juu, nyeupe, lenye maua ya bluu na mekundu yaliyogongwa kwa sponji. Watoto tulikatazwa kuligusa. Siku moja tu, wakati wa kusafisha nyumba kwa ajili ya Idi, bibi aliligeuza mbele yangu na nikaona maandishi chini yake. Nilikuwa darasa la tatu, nikashindwa kuyasoma. Miaka mingi baadaye, kwenye soko la vitu vikuukuu la Place du Jeu de Balle huko Brussels, nilipindua jagi moja la kichwa cha mtu, na chini yake nikakuta neno lile lile: SARREGUEMINES. Nilisimama palepale na jagi mkononi mpaka muuzaji akaniuliza kama ninaumwa.

Sasa, baada ya miaka saba ya kukusanya, ninakwenda kuuona mji wenyewe. Tunaanzia Lille kwa sababu kesho ni Braderie.

Jumamosi, Lille

Braderie de Lille hufanyika kila mwaka, wikiendi ya kwanza ya Septemba, na asili yake ni minada ya zama za kati. Hukusanya watu wapatao milioni 2. Mji mzima unakuwa soko: wenyeji wanatoa makabati yao nje, mikahawa inauza kome na chipsi, na maganda ya kome yanalundikwa barabarani mpaka yanakuwa vilima vyeusi. Ila mwenye kutafuta vitu vya kale asipoteze muda huko. Aende Boulevard Jean-Baptiste Lebas, kwa wauzaji wa antiki, na aende alfajiri.

Tulifika giza halijaisha. Nilikuwa na tochi mbili: ya kawaida, na ile ndogo ya mwanga wa urujuani. Hii ya pili ndiyo rafiki wa kweli. Chombo kilichovunjika kikaungwa na kupakwa rangi mpya, kwa macho huwezi kukitambua. Kimulike kwa mwanga huo, palipotengenezwa patang'aa tofauti na glezi ya zamani.

Jogoo wa kwanza niliyemwona alikuwa mzuri wa kutia wivu, shingo ya manjano inashuka kuwa kijani. Muuzaji akaniapia kuwa ni mzima. Nikamgonga kwa ukucha, akatoa sauti ya kibuyu, si ya kengele. Nikamulika: kishungi chote na nusu ya mdomo vikang'aa weupe wa maziwa. Sikubishana. Nimemrudisha mezani taratibu, nikasema asante, nikaondoka. Iliniuma, si kwa sababu ya kuungwa, maana chombo kilichoungwa hakina aibu, ila kwa kile kiapo.

Bata nilimpata mbele kidogo, kwa mama mmoja aliyekuwa akinywa kahawa kwenye kifuniko cha chupa. Alisema ni bata wa marehemu mkwewe, na kwamba yuko mezani kwao tangu yeye anaolewa. Chini yake kuna muhuri wa Saint-Clément. Amemegeka kidogo kwenye ukingo wa mkia, na yule mama mwenyewe ndiye aliyenionyesha kabla sijauliza. Alitaka yuro 40, nikamwomba 35, akasema mchukue, bora aende kwa mtu anayempindua. Nimemfunga kwa taulo mbili.

Na hapa niandike kilichoniuma zaidi leo. Kwenye meza ya pembeni, kati ya vinara na saa zisizokwenda, palikuwa na kichwa cha Sarreguemines. Mwanamume mnene, mashavu mekundu, anatabasamu. Ndani ya jagi rangi ni ile samawati ya maji ya ufukweni wakati wa bamvua, rangi ambayo vichwa vingi vya kiwanda hicho vinayo. Nikalipindua. Namba ya umbo lake ilikuwa imegandamizwa ndani ya udongo lakini glezi imeijaza, haisomeki. Nikatoa kikopo cha poda, nikapaka kidogo, nikafuta kwa kidole, na tarakimu zikajitokeza nyeupe: 3181. Nikampiga picha, mbele na chini. Kisha nikafanya kosa. Nililiweka mezani nikamgeukia wifi tushauriane, na nilipogeuka tena lilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, naye ameshatoa pochi.

Jumapili, Lille

Miguu inauma. Tumezunguka tena mpaka mchana, sikununua kitu. Majagi ya nguruwe ni mengi mno, amevaa aproni, amebeba chupa. Ni kazi nzuri ya ufinyanzi na ninakiri hivyo, ila nyumbani kwangu hayaingii.

Usiku wifi aliniuliza majagi haya yalikuwa ya nini hasa. Yalikuwa ya mezani na ya mikahawani: maji, divai, na maji baridi ya kuchanganyia absinthe, kile kinywaji kikali cha kijani ambacho Ufaransa ilikipiga marufuku mwaka 1915. Baada ya hapo majagi mengi yalibaki kuwa pambo la kabati. Mimi siyatumii kwa kunywea kabisa, na ninamwonya kila anayeanza: glezi hizi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi. Maua ndani yake, sawa. Maji ya kunywa au ya ndimu, hapana.

Jumatatu, Onnaing

Leo tumekwenda na gari ya wifi hadi Onnaing, pembeni ya Valenciennes. Kiwanda cha hapa kilianza mwaka 1821 kikafa mwaka 1938, na kwa mkusanyaji wa majagi jina hili ni zito: jagi la Onnaing huwa na rangi kali, umbo la kuthubutu, na mara nyingi namba chini kuliko jina. Nilitaka tu kuona mahali.

Hakuna cha kuona, au kipo ambacho sikukitarajia. Njia nzima kuna malori ya kubeba magari mapya, kwa kuwa Onnaing ya leo ni mji wa Toyota. Tangu mwaka 2001 wanaunda Yaris hapa. Nikasimama kando ya barabara nikitazama vigari vile vimepangwa juu ya lori, vyote sura moja, rangi mbalimbali, nikafikiria rafu za kiwanda cha zamani, vyura mia wa kalibu moja wakisubiri kupakwa rangi.

Tulirudi kwa njia ya Orchies, mji mwingine wa majagi, ambao baadhi ya vyombo vyake vina muhuri wa kinu cha upepo. Mji huu ulichomwa moto na jeshi la Ujerumani Septemba 1914. Leo unajulikana zaidi kwa kinywaji cha chikori, mzizi unaokaangwa ukanywewa kama kahawa. Wifi alinunua pakiti mbili.

Jumanne, njiani

Siku ya barabara. Tumevuka Ubelgiji na Luxembourg, mvua haikukata.

Ili tusisinzie nilimsimulia wifi habari za Bernard Palissy, mfinyanzi wa karne ya 16, ambaye Wafaransa wote wa kazi hii wanamtaja kama babu yao. Aliona kikombe kimoja chenye glezi nyeupe, akaacha kila kitu akatafuta siri yake kwa miaka kama kumi na sita. Mwenyewe ameandika kuwa kuni zilipomwishia joko likiwa linawaka, alichoma meza na mbao za sakafu ya nyumba yake. Baadaye akawa maarufu kwa masinia yenye nyoka, mijusi, samaki na majani yaliyofinyangwa yakasimama kama hai. Viumbe hivyo alivitolea kalibu kutoka kwa wanyama wenyewe. Alikuwa Mprotestanti, akakataa kuiacha imani yake, akafia katika gereza la Bastille akiwa mzee wa karibu miaka 80.

"Na mkewe?" wifi akauliza. "Mkewe alisemaje meza zilipochomwa?"

Palissy ameandika hilo pia: watu wa nyumbani kwake walimkasirikia, na walitoka mbio mjini wakipiga kelele kuwa amerukwa na akili. Wifi akatikisa kichwa mpaka Metz.

Jumatano, Lunéville na Saint-Clément

Hapa nimejifunza jambo ambalo nimelala nalo.

Karne ya 18, Jacques Chambrette alikuwa na kiwanda cha udongo Lunéville. Mwaka 1758 akaanzisha cha pili Saint-Clément, mwendo wa dakika kumi na tano tu kwa gari. Kwa nini viwili, karibu hivyo? Ushuru. Lunéville ilikuwa ndani ya Lorraine, ambayo wakati huo ilikuwa bado na mtawala wake, na vyombo vilivyotoka huko kuingia Ufaransa vililipiwa forodha. Saint-Clément ilikuwa ardhi ya mfalme wa Ufaransa. Udongo ule ule, mafundi wale wale, ila mpaka umepita katikati.

Kisha geuza kurasa. Mwaka 1871 Ujerumani iliitwaa Sarreguemines baada ya vita. Kiwanda kikajikuta kiko nchi nyingine na wateja wake wako Ufaransa, kwa hiyo wenyewe wakafungua matawi upande wa pili wa mpaka, Digoin na Vitry-le-François. Ndiyo sababu unapindua sahani ukakuta majina mawili, Digoin na Sarreguemines, miji iliyo mbali sana. Na lile neno FRANCE linaloonekana chini ya vyombo vingi, nalo ni habari ya forodha: Marekani ilipitisha sheria, ikaanza kufanya kazi mwaka 1891, kwamba bidhaa inayoingia kwao iandikwe nchi ilikotoka. Kukosekana kwake hakuthibitishi peke yake kuwa chombo ni cha kabla ya hapo, lakini ni dalili ya kufuatilia.

Mtoto wa Unguja haelezwi forodha ni nini. Tumekua tukila urojo na mishikaki Forodhani, na jina la mahali pale limetoka huko huko, kwenye nyumba ya ushuru. Bakuli la bibi lilipita pale, kwenye sanduku lenye majani makavu. Karne ya 19 vyombo vya Ulaya vilikuwa vikishushwa Unguja kwa wingi, vya Maastricht hasa, vikaenda mpaka mashamba ya karafuu. Nimekuwa nikidhani alama zile za chini ni sahihi ya fundi. Kumbe nusu yake ni barua kwa mtu wa forodha.

Saint-Clément yenyewe ni kijiji kitulivu kando ya mto Meurthe. Nilimtoa bata wangu kwenye mataulo, nikamweka juu ya ukuta mfupi, nikampiga picha. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli alisimama akasema, "Huyo ni wa hapa," akaendelea na safari yake.

Alhamisi, Sarreguemines

Mji uko pale mto Blies unapoingia mto Sarre, na Ujerumani iko ng'ambo ya maji. Kiwanda kilianza mwaka 1790. Mwanzoni mwa karne ya 19 kilishikwa na Paul Utzschneider, Mbavaria, ndiye aliyekikuza, na baada yake familia ya de Geiger ikakifikisha kwenye wafanyakazi zaidi ya 2,000. Yale majoko marefu yenye umbo la chupa yalijaa hapa. Limebaki moja mjini.

Makumbusho yamo katika nyumba ya zamani ya mkurugenzi. Chumba ambacho watu husafiri kuja kukiona ni bustani ya majira ya baridi, ambayo Paul de Geiger aliitengeneza mwaka 1882: kuta nzima za udongo wenye glezi, chemchemi, maua, matunda, kila kipande kimetoka kwenye joko la kiwanda chake. Nilikaa humo muda mrefu. Lakini mimi roho yangu iliachwa mahali pengine, kwenye kinu cha zamani kando ya Blies, ambako wameonyesha kazi yenyewe.

Pale unaona kalibu za plasta. Udongo huchanganywa na maji ukawa mzito kama uji, unamiminwa ndani ya kalibu. Plasta inafyonza maji, udongo ulio karibu na ukuta unashika, kisha ule wa katikati unamwagwa. Ukifungua kalibu unatoka na kichwa kitupu ndani, cha kijivu, laini, hakina macho. Mkono wa jagi huungwa baadaye kwa udongo ule ule wa uji. Linachomwa mara ya kwanza, linakuwa kavu na la kufyonza. Ndipo anapolichukua fundi wa rangi, mwenye brashi na vikopo vya glezi: kobalti kwa bluu, shaba kwa kijani, manganizi kwa zambarau na kahawia. Likirudi jokoni glezi inayeyuka, inateremka, inajikusanya kwenye mikunjo ya uso na kuwa nzito zaidi huko. Kile kivuli kizuri chini ya pua hakikuchorwa na mtu, kimeletwa na moto.

Jioni, tukitafuta pa kuegesha gari, wifi ndiye aliyeona duka. Dirisha la vumbi, kiti kilichovunjika, na nyuma ya kiti, mashavu mekundu. Niliingia bila kumsubiri. Nikapindua, nikapaka poda: 3181.

Nikatoa simu nikafungua picha ya Lille, nikaiweka pembeni ya jagi. Uso ni mmoja. Mkunjo wa paji la uso ni mmoja, tundu la kidevu ni moja, kalibu ile ile. Lakini yule wa Lille mboni zake zimewekwa juu kidogo, kulia, kama mtu anayesikiliza hadithi huku akikumbuka yake. Huyu wa hapa mboni zimetua katikati, nzito, na ya kushoto ina alama ndogo ambapo brashi iliinuliwa na kurudi tena. Nyusi za yule ni mstari mmoja wa haraka. Nyusi za huyu ni vistari vifupi vifupi, vinane upande mmoja, tisa upande mwingine, nilivihesabu. Watu wawili wamekaa siku mbili tofauti na kichwa kile kile kisicho na macho, na kila mmoja akampa macho anayoyajua yeye.

Sikubishania bei. Mwenye duka aliomba yuro 60, nikatoa 60. Kuna ufa mwembamba chini ya mkono wa jagi, wa zamani, umekaa. Nimeuona na nimeuchukua nao.

Ijumaa, Brussels

Wifi amenishusha stesheni ya Metz asubuhi, tukaagana kwa kukumbatiana na kuulizana tena na tena kama sanduku liko wima. Safari nzima nimelishika kati ya miguu.

Nimefika, nimeosha vyote viwili kwa maji ya vuguvugu na kitambaa laini, bila kuvizamisha, maana maji yakiingia kwenye ufa hayatoki upesi. Bata yuko juu ya kabati. Kichwa nimekiweka mezani, mbele ya simu, nikampigia mama kwa video.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umerudi salama? Na huyo nani nyuma yako?"

Nikamsogeza karibu. Mama akamtazama sana. Akasema ana macho ya mtu aliyesahau kitu sokoni. Nikamweleza mji, mito miwili, joko la chupa, nikamwomba kama hataona tabu, aliteremshe bakuli la bibi.

Nilisikia kiti kikiburutwa. Kisha picha ikayumba, nikaona dari, nikaona kidaka, nikaona mikono yake miwili. Akalifuta kwa pembe ya kanga na kulipindua kwenye mwanga wa dirisha. Akavaa miwani.

"S," akasoma. "A. R. R tena. E. G…" Akaenda hivyo, herufi moja moja, mpaka mwisho. "Na pembeni yake kuna kitu kimechimbwa kidogo, kama namba. Hakisomeki, mwanangu, kimejaa."

Nikamweleza habari ya poda.

"Poda sina," akasema. "Ngoja nikachukue unga wa ngano."

Ameiacha simu juu ya kiti, inatazama dari. Ninasikia kandambili zake zikielekea jikoni, na kifuniko cha kopo kikifunguliwa.